Hongereni watu wa makumbusho

Kutoka Kijenge, hapa Arusha, ukishavuka Mto Themi na kupita Mnara wa Saa, Boma la Wajerumani haliko mbali. Lilijengwa mwaka 1900 liwe ngome ya kututawala. Leo ni makumbusho, na mtoto wa shule ya msingi anaingia humo kujifunza chimbuko la binadamu, naye anatoka katika mkoa uleule zilikohifadhiwa nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6.

Mimi napapenda zaidi Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge. Jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha ni dogo, halina makuu. Lakini humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilimokaa Januari 1967, na Februari 5 Azimio likatangazwa. Ukisimama mbele ya picha zile za zamani, unajua wazi kwamba unakanyaga sakafu waliyoikanyaga wao.

Wanaotunza picha hizo, wanaopanga maonyesho na kuwaeleza wageni bila kuchoka, wanastahili pongezi kubwa kuliko wanazopata. Ndugu zangu wa Kijenge, makumbusho haya tusiwaachie watalii na ziara za shule peke yao. Jumamosi hii wapelekeni watoto.