Gorong'ondwa Aliyevuliwa Daraja

Msomaji aliyekulia Thika au Ruiru hana haja ya kuelezwa habari za gorong'ondwa dume, mjusi ambaye jua likishapanda hukaa juu ya ukuta wa mawe ya Ndarugu, kichwa chekundu na kiwiliwili buluu, akiinua na kushusha kifua kuwaonya madume wenzake. Ndiye yule yule anayestahimili miamba ya moto ya jangwa la Turkana, akila sisimizi na mchwa. Kwa hiyo naingia moja kwa moja katika kosa la dhahiri, yaani uamuzi wa maulamaa wa karne iliyopita wa kumfanya tawi tu, yaani nususpishi, la mjusi mwingine, Agama agama.

Boulenger wa makumbusho ya London alikwisha kumpambanua kama spishi mwaka 1896 kwa jina la Agama lionotus, na hukumu yake ilikuwa sahihi. Agama agama, kwa upande wake, asili yake ni jina alilotoa Linnaeus mwaka 1758, akaandika kwamba mjusi huyo makao yake ni Amerika, bara ambalo jinsi hii haina asili nalo! Juu ya msingi huo mbovu ikajengwa safu ndefu ya nususpishi, na Arthur Loveridge, mtaalamu wa wanyama watambaao aliyeijua nchi hii kwa miguu yake, katika orodha yake ya mwaka 1957 akaridhia mjusi wetu aandikwe Agama agama lionotus.

Chanzo cha kosa nimekisema mara nyingi wala sitachoka: spiriti ya kuhifadhia vielelezo hula rangi. Mjusi akishatiwa chupani wekundu na buluu hutoweka, yakabaki magamba ya kuhesabiwa, na magamba ya jamaa hawa yanakaribiana mno. Aliye hai hana utata, kwani mkia wa dume wetu una pete za buluu na nyeupe zinazofuatana hadi nchani, ilhali madume wengi wa Afrika ya Magharibi waliokusanywa chini ya jina la Agama agama wana rangi ya machungwa katikati ya mkia na weusi nchani. Boulenger alifanya kazi na maiti kama wengine, lakini hakuwa na pupa ya kuunganisha.

Mwaka 2005 Wolfgang Böhme na wenzake, akiwamo Patrick Malonza, walimrudishia mjusi wetu daraja lake la spishi, kazi njema.

Basi, msomaji, ukimsikia mtu akimwita Agama agama, mpeleke ukutani asubuhi, umwonyeshe mkia.