Kusikiliza Neno kwa Neno

Katika yote anayoyaandika mwanafunzi wa uzamili wa ushauri nasaha, ninayoyaheshimu zaidi hayafiki maktabani. Tasnifu hujalidiwa na kupangwa rafuni kwa jina lake. Lakini zipo karatasi nyingine, kurasa tano au sita, alizozijaza usiku akisikiliza kinasa sauti: kila alichosema kijana, kila alichojibu yeye, na kila kimya kilichopita kati yao. Kijana na mlezi wake walikubali mazungumzo yarekodiwe, na jina limeondolewa. Pembeni mwa ukurasa mwanafunzi ameandika alichohisi wakati ule: hapa niliogopa, hapa nilichoka, hapa nilitaka kumwokoa. Kisha huketi na msimamizi wake wakapitia mstari kwa mstari, na saa nzima inaweza kuishia kwenye nusu ukurasa. Wakimaliza, sauti hufutwa. Sijui ufundi mwingine unaofundishwa chuoni kwa uvumilivu kama huu.

Nitatunga mfano, maana yanayosemwa kweli chumbani hayatoki nje. Mvulana wa miaka 16 kutoka Nyatike, kaunti ya Migori nchini Kenya, ameacha kidato cha pili na kuingia kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Macalder, ambako madini yamechimbwa tangu enzi za ukoloni. Mwalimu mkuu amemrudisha na kumpeleka kwa mshauri. Mvulana anasema, "Madam, shule haina maana. Mimi saa hii niko na pesa yangu." Mwanafunzi wetu anajibu papo hapo: "Lakini pesa ya mgodi huisha, elimu haiishi."

Jibu hilo ni la kweli, na mzazi yeyote angelitoa. Msimamizi halikosoi. Anauliza tu, "Baada ya hapo kijana alisema nini?" Wanatazama ukurasa. Ndiyo. Sawa. Sijui. Ndiyo. Mistari minne, maneno manne. Kisha msimamizi anarudi kwenye sentensi ya kijana na kumwomba mwanafunzi aisome tena kwa sauti, na tena, mpaka asikie kwamba mvulana hakuwa akizungumza kuhusu shule. Alikuwa akieleza ilivyo kuwa na kitu mkononi baada ya miaka ya kuomba. Nyumbani kwao nani huomba, na nani huombwa? Nani alimwona akiingia na unga wa kwanza alioununua yeye? Kazi ya juma hilo ni kuandika majibu kumi ambayo mwanafunzi angeweza kutoa, kisha kuyachuja hadi libaki moja lisilosukuma wala kuhukumu. Labda hili: "Sasa una kitu ambacho ni chako." Halafu kunyamaza, na kumwachia kijana nafasi.

Kunyamaza nako hufunzwa. Darasani huketi watatu watatu: mmoja mshauri, mmoja mteja, mmoja mtazamaji, wakibadilishana zamu. Mtazamaji huandika muda, na mara nyingi mwanafunzi hushangaa kuona kwamba kimya alichodhani kimedumu dakika nzima kilikuwa sekunde chache, na kwamba ni yeye aliyekivunja wala si mteja. Hurudia zoezi hilo hadi aweze kukaa bila kukimbilia swali.

Mbinu ya kuandika neno kwa neno ina historia yake. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers, mwaka 1942, alichapisha kitabu chenye mazungumzo kamili ya tiba ya mtu aliyemwita Herbert Bryan, yaliyorekodiwa kwenye sahani za santuri. Kabla ya hapo wakufunzi walitegemea kumbukumbu ya mshauri, na kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Mtu husimulia jibu lake zuri na kusahau mara tatu alizomkatiza mgonjwa. Rogers aliamini kwamba kinachomsaidia mtu kubadilika ni uhusiano wenye uaminifu, heshima isiyo na masharti na juhudi ya kweli ya kuuona ulimwengu kwa macho yake. Ni rahisi kuyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Kinasa sauti ndicho kinachosema kama umeyatenda.

Upande huu wa Ziwa Victoria, vijana hawakukosa wa kuwalea. Kwa Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, wakifundishwa usiku kwa hadithi, vitendawili na maneno ya wazi kuhusu miili yao na ndoa. Wavulana waliketi na wazee kwenye duol, kibanda cha wanaume. Ninawaheshimu wale mabibi, na sidhani cheti kinaweza kuwazidi kwa waliyoyajua. Lakini pim alikuwa mtu wa nyumbani, anajulikana ukoo wake, na mtoto hakuhitaji kujiuliza kama amwamini. Mshauri wa leo ni mgeni mwenye kalamu. Sehemu kubwa ya masomo yake inahusu jinsi mgeni anavyopata ruhusa ya kuambiwa.

Huduma yenyewe ya ushauri nasaha ilikua kwa hatua. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha mwongozo na ushauri mwaka 1971. Viboko vilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001, walimu wengi waliambiwa washauri badala ya kuchapa, wala hawakuonyeshwa namna. Wakati huohuo vituo vya ushauri na upimaji wa VVU vilianza kufunguliwa nchini, na kizazi kizima cha washauri wa Nyanza kikaanzia humo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ikaweka bodi ya kuisimamia taaluma. Sasa walimu wa kaunti za Migori na Homa Bay wanaotaka kusomea kazi hii hufuata shahada ya uzamili katika vyuo kama Maseno na Egerton, wengi wao wakisoma wakati wa likizo za shule, wakirudi muhula ukifunguliwa na rundo la vitabu na vijana walewale wakiwasubiri.

Vitabu hivyo vinahitaji kupimwa na mahali. Erik Erikson alieleza ujana kuwa kipindi cha kutafuta "mimi ni nani", ambapo jamii humpa kijana muda wa kujaribujaribu kabla ya kubeba majukumu. Vipi kuhusu msichana wa Mbita mwenye miaka 15 anayewalea wadogo zake watatu baada ya kuzika wazazi? Yeye majukumu yalimkuta kabla ya swali. Mkufunzi mzuri hamwambii mwanafunzi amtupe Erikson. Humwomba aandike kurasa mbili juu ya kijana aliyenyimwa muda huo, na nini kinaweza kumrejeshea hata saa chache za kuwa mtoto. Au chukua mafunzo ya Gerard Egan, ambaye kitabu chake cha 1975 kimewafundisha washauri duniani kote jinsi ya kuketi: mkabili mteja, inama kidogo mbele, mtazame machoni. Kijana wa Kuria au wa Ndhiwa aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa wake. Mshauri akimkazia macho, kijana huona yuko mahakamani. Kwa hiyo mwanafunzi hujifunza kugeuza kiti kidogo, na wapo wanaozungumza na wavulana wakitembea nao uwanjani, bega kwa bega.

Lugha nayo huwasumbua. Nadharia wamefundishwa kwa Kiingereza, lakini kilio huja kwa Kijaluo, Kikuria, Kisuba au Kiswahili cha stendi ya Migori. Mara nyingi huja kupitia mwili: kichwa kinagonga, moyo unakimbia, usingizi hauji. Wakufunzi wanaoijua kazi huwafanyisha mazoezi kwa lugha ya nyumbani, na hapo mwanafunzi aliyepata alama za juu kabisa hugundua hajui kuuliza "umehuzunika tangu lini?" bila kusikika kama daktari.

Kwa kuwa ninasifu ufundi, basi niutaje ule unaonigusa kuliko wote. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU miongoni mwa watu wazima kikiwa asilimia 19.6 Homa Bay na 13 Migori. Hospitali ya Homa Bay, pamoja na Madaktari Wasio na Mipaka, ilikuwa ya kwanza miongoni mwa hospitali za umma nchini kutoa dawa za ARV bila malipo, mwaka 2001. Kwa sababu ya dawa hizo, watoto waliozaliwa na virusi waliishi, wakakua, wakaanza kuuliza. Nani atamwambia mtoto wa miaka tisa, na kwa maneno gani? Mshauri hufunzwa kufanya hivyo kwa hatua, katika miaka, akiwa pamoja na mlezi. Mwanzo mtoto huambiwa dawa inawasaidia askari wa mwili. Baadaye huelezwa kwamba kuna mdudu amelala, na dawa humzuia asiamke. Jina la ugonjwa huja mwishoni, mtoto akiwa tayari na mlezi akiwa tayari, na mara nyingi mlezi ndiye huchelewa. Lakini mshauri haanzi kwa kueleza. Huanza kwa kuuliza, "Wewe unafikiri unameza dawa hii kwa nini?" Wengi wanajua. Wamesoma mabango ya kliniki, wamesikia majirani, wamebeba siri hiyo peke yao ili wasimwumize bibi. Swali hilo moja, likiulizwa kwa sauti sahihi, linamwondolea mtoto mzigo ambao hotuba ingemwongezea.

Kuna maneno ambayo mwanafunzi lazima ajizoeze kuyatamka. "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huingia darasani wakiamini kwamba kuuliza hivyo kutampandikizia kijana wazo. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha sivyo: kuuliza wazi hakuleti wazo hilo, na mara nyingi humpunguzia mtu upweke wake. Hata hivyo kujua ni kitu kimoja, na kuliuliza swali hilo ukimtazama mtoto wa mwenzako ni kingine. Hulirudia mbele ya wenzao mpaka sauti iache kutetemeka, na mpaka waweze kubaki kitini jibu likiwa ndiyo. Sheria iliwahi kuwafunga midomo vijana pia, kwani kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini Kenya hadi Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba.

Usiri ni somo zito zaidi mahali padogo. Katika utafiti wa afya wa 2022, asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay na Migori walikuwa wamewahi kushika mimba, wakati wastani wa nchi ulikuwa 15. Nyuma ya baadhi ya mimba hizo yuko mtu mzima, na Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inalijua jina la alichofanya. Kule Kuria, ukeketaji umeharamishwa kwa sheria ya 2011, lakini msichana aliyekimbilia kituo cha usalama mwezi Desemba ili auepuke ni lazima siku moja arudi kwa baba na shangazi zake. Mshauri hawezi kuahidi kwamba hatasema lolote. Hufunzwa kuutaja mpaka wa siri mwanzoni kabisa, kabla ya kijana kufungua mdomo: nitakutunzia unayoniambia, ila maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtu akiwa amekudhuru, tutatafuta msaada, na nitakuambia kabla sijamwambia yeyote. Kijana akiambiwa mpaka huo baada ya kueleza, ameshasalitiwa. Na wakikutana Jumamosi sokoni Oyugis au kwenye kivuko cha Mbita, mshauri humwacha kijana achague kama watasalimiana.

Kisha kuna lile ambalo msimamizi hulitafuta kimya kimya katika zile karatasi. Mshauri wa huku ni mtoto wa hukuhuku. Amezika ndugu, pengine alisoma kwa karo ya harambee. Ukurasa wa tatu kijana ametaja mazishi ya mama yake, na mstari unaofuata mshauri ameuliza kuhusu karo. Msimamizi anaweka kidole hapo. "Ulikwenda wapi?" Mwanafunzi hutazama, na wakati mwingine hulia. Ndiyo maana mafunzo mazuri humtaka naye akae kwenye kiti cha mteja, kwa mshauri mwingine, ayaseme yake. Ndiyo maana pia usimamizi hauishii siku ya mahafali. Mshauri mwenye miaka 20 kazini bado hupeleka kurasa zake kwa mwenzake zisomwe.

Sasa mwalimu huyu aliyesomea ushauri hurudi shuleni. Mara nyingi hupewa vipindi kamili vya Kiswahili au Kemia, zamu ya kusimamia nidhamu, na kona ya stoo ya vitabu ambapo mlango haufungi. Asubuhi anamwadhibu mwanafunzi, alasiri anamtaka amwamini. Walimu wakuu na kaunti zote mbili, mtoeni kwenye kamati ya nidhamu, mpunguzieni vipindi, mpeni msimamizi wa kumsomea kurasa zake na chumba chenye mlango unaofunga.