Waliomwita Aliyekosa

Filamu hii ilifika Nyarugusu ndani ya simu. Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, aliondoka kambini mwaka 2017 na mume wake na watoto, akapelekwa Buffalo, mji wa jimbo la New York ulio mpakani na Kanada. Kila baridi ikifika anatutumia picha za theluji, na kila mwaka anatutumia habari za timu ya huko. "Hapa watu wanapenda timu inayoshindwa," aliniandikia. "Nimejaribu kuwaelewa, na mimi nimeshindwa. Tazama hii, halafu uniambie." Akatuma kiungo cha filamu inayoitwa Four Falls of Buffalo, iliyoongozwa na Ken Rodgers na kuonyeshwa na ESPN mwaka 2015. Bando la wiki nzima liliishia hapo.

Tuliitazama Jumapili asubuhi kwenye banda la video, kabla ya mechi za Uingereza kuanza. Mwalimu mmoja wa Kiingereza alikubali kututafsiria papo hapo, amesimama kando ya skrini kama wale madijei wa filamu za Kihindi. Tulikuwa watu kama thelathini. Wengi walikuja kwa sababu siku hiyo hakukuwa na kiingilio.

Filamu inasimulia timu ya Buffalo Bills, ambayo ilifika fainali ya ubingwa wa Marekani, ile wanayoiita Super Bowl, miaka minne mfululizo, kuanzia Januari 1991 hadi Januari 1994. Hakuna timu nyingine iliyowahi kufika mara nne mfululizo. Na zote nne walishindwa. Ni filamu ya mpira, ndiyo, lakini mimi naisoma kama filamu ya mashabiki. Sehemu yake bora kuliko zote ni dakika chache ambazo ndani yake hakuna mtu anayecheza.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, Wamarekani wanauita mpira wa miguu ingawa muda mwingi wanaubeba mikononi na kuangushana chini. Mpira una umbo la papai dogo. Katika kila timu kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupiga kwa mguu tu. Anakaa nje karibu mechi nzima, jezi yake safi, wenzake wamejaa matope na damu. Kisha anaitwa. Mwenzake anausimamisha mpira chini kwa kidole, yeye anapiga, na mpira unatakiwa upite katikati ya milingoti miwili mirefu. Ukipita, ni pointi tatu. Usipopita, kila mtu nchini amekuona.

Tarehe 27 Januari 1991, mjini Tampa, Florida, Buffalo walicheza na New York Giants. Vita vya Ghuba vilikuwa na siku kumi tu tangu vianze, uwanja umejaa ulinzi, na Whitney Houston aliimba wimbo wa taifa. Zikiwa zimebaki sekunde nane, Giants walikuwa na 20, Buffalo 19. Akaitwa mpigaji, Scott Norwood. Umbali ulikuwa yadi 47, kama mita 43. Akapiga. Mpira ulikwenda juu vizuri, ukawa na nguvu ya kutosha, ukapita nje ya mlingoti wa kulia.

Bandani kulitokea kelele. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu batamuua leo." Hakuwa anatania. Wengi wetu tunajua habari ya Andrés Escobar wa Kolombia, aliyejifunga kwenye Kombe la Dunia la 1994 dhidi ya Marekani, na siku kumi baadaye akapigwa risasi Medellín. Na nani asiyemkumbuka Asamoah Gyan, Johannesburg, 2010? Penalti ya dakika ya mwisho kabisa, mwamba wa juu, na bara zima likashika kichwa. Hapa kambini walikuwepo watu waliomtukana Gyan usiku ule kama vile amewanyang'anya kadi ya posho.

Basi sote tukangoja kuona watakachomfanyia Norwood. Kesho yake timu ilirudi nyumbani. Kwenye uwanja ulio mbele ya jengo la halmashauri ya mji, pale Niagara Square, walikusanyika watu zaidi ya elfu ishirini, kwenye baridi ya Januari, kuipokea timu iliyoshindwa. Na katikati ya hotuba wakaanza kupaza sauti wakimtaka Scott. Wamtake wa nini? Mwalimu alisita kutafsiri, nadhani na yeye aliogopa. Norwood alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Akasogezwa mbele. Watu wakazidi kumshangilia, na yeye sauti ikamkatika. Aliwaambia kwamba hajawahi kujisikia kupendwa kama wakati ule.

Banda likanyamaza. Nilisikia jenereta tu.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi, na ninaona jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita. Umati ule haukusema uongo. Hakuna aliyemwambia kwamba ilikuwa bahati mbaya, au upepo, au mwamuzi. Kosa lake liliachwa palepale lilipo, kulia mwa mlingoti. Walichokataa ni kumwacha nalo peke yake. Kiswahili chetu kinatubana hapa, maana neno ni moja: tunakosa goli, tunakosa chakula, tunamkosa mtu, na tunamkosea mtu. Tukisema "aliyekosa", ni rahisi kusahau kama tunamaanisha aliyepiga nje au mwenye hatia. Watu wa Buffalo siku ile walizitenganisha hizo maana mbili bila kutumia neno lolote. Walitaja jina lake tu.

Sasa nirudi kwetu. Miaka miwili iliyopita kwenye fainali ya vijana hapa kambini, kijana wa upande wetu alipiga penalti ya mwisho juu ya goli, juu kabisa, ikaangukia kwenye mihogo ya watu. Na sisi tulimwita jina. Tulimpa jina jipya, Satelaiti. Nilikuwepo, na nilikuwa miongoni mwa waliocheka kwa sauti. Hadi leo anaitwa hivyo. Mama yake, anayeuza dagaa sokoni, wateja wanamwita Mama Satelaiti, naye anaitika kwa sababu anataka kuuza. Kijana haji tena uwanjani. Tulifanya kazi ileile ya umati wa Buffalo, kumtaja mtu kwa pamoja, tukapata matokeo kinyume.

Kuna na la nyumbani, ambalo nilipoanza kuandika sikupanga kuligusa. Yaya aliondoka kwa faili la mume wake. Faili letu, la Baba, Mama na sisi wadogo, lilibaki. Siku ya mahojiano Baba aliulizwa mwaka tuliovuka ziwa na mwaka aliouawa ndugu yake. Akazichanganya tarehe. Ile ya pili akaiweka mahali pa ya kwanza. Alipotaka kusahihisha akazidi kuchanganya. Kesi yetu ikasimama, na imesimama mpaka leo. Sizungumzii hapa haki ya swali lile. Nazungumzia tulichofanya sisi jioni ile. Hatukumtukana. Tulimwekea chakula chake, tukala kimya. Majirani waliokuwa wanakuja kuuliza habari wakapungua. Na mimi, kwa miezi mingi, kila jambo likiharibika nilisema, "Kama si ile tarehe." Nilisema akiwa anasikia. Baba akaanza kushinda chini ya mwembe wa jirani, na akili yangu ikaniambia anapenda kivuli.

Hatukumwita. Hilo ndilo lililonipata bandani siku ile.

Lakini hii ni makala ya uhakiki, na filamu ina kasoro zake. Muziki ni mwingi mno. Kila machozi yanapokuja, vinanda vimeshatangulia. Wachezaji wana majina, wana nyumba, wana muda wa kueleza maisha yao. Mashabiki wanabaki bahari ya kofia. Nilitaka mwongozaji amtafute mtu mmoja tu kutoka Niagara Square, mwanamke aliyetoka kazini na kusimama kwenye baridi, amwulize: ulikuwa unawaza nini ulipofungua mdomo? Alikuwa wa ngapi kupaza sauti? Maana umati hauanzi wenyewe. Kuna mtu wa kwanza, na filamu haimjui.

Pia sipendi mtu atoke kwenye banda akidhani mashabiki wa Buffalo ni malaika. Filamu yenyewe, ukiitazama vizuri, inakataa. Tarehe 3 Januari 1993, kwenye mchujo, Bills walikuwa nyuma 35 kwa 3 dhidi ya Houston mwanzoni mwa nusu ya pili. Mashabiki wengi walikuwa wameshaondoka uwanjani. Kisha timu ikaanza kurudi, ikafika 41 kwa 38 na kushinda katika muda wa nyongeza, na wale waliokuwa wameondoka wakawa wanahangaika kurudi ndani, wengine wakiparamia uzio. Ni mji uleule. Waliosimama na Norwood kwenye baridi ndio waliowakimbia wenzake miaka miwili baadaye. Kwangu mimi hili linaipa ile siku ya Niagara Square uzito zaidi. Haikuwa tabia yao ya kuzaliwa. Waliamua, siku moja, na siku nyingine hawakuamua.

Baada ya filamu tulibishana. Mwalimu alisema jambo zito. Alisema kusamehe ni rahisi ukiwa na mwakani. Buffalo walikuwa na msimu mwingine, walikuwa na kazi na nyumba za kurudi. Kilichopotea Tampa ni kombe. Kwetu mtu akikosa, yanayopotea ni maisha ya watoto wake, na hakuna ratiba inayosema mtacheza tena lini.

Sina jibu kamili. Ninajua tu yaliyofuata. Januari 1992, kwenye mechi ya kuwania kuingia fainali ya pili, Buffalo waliishinda Denver 10 kwa 7, na pointi tatu za tofauti zilitoka kwenye mguu wa Norwood, yadi 44. Ningeweza kumwambia Mwalimu: unaona, walimsamehe akawalipa. Lakini si kweli. Fainali ile nayo walishindwa, 37 kwa 24 na Washington. Baada ya msimu huo timu ikaachana na Norwood. Wakashindwa mara mbili zaidi na Dallas. Ukihesabu faida, umati ule haukupata kitu. Kwa hiyo walichofanya hakikuwa mkopo. Mtu anayemwita aliyekosa kwa kutumaini malipo, mwakani asipolipwa atamtukana mara mbili.

Neno moja kwa wasomaji wetu mnaovaa vizibao vya mashirika. Mnapokuja na kamera, mnatuuliza hadithi za mafanikio. Tunawapa: binti aliyefaulu, kijana mwenye cherehani, kikundi cha sabuni. Ni habari za kweli na mabango yake ni mazuri. Ila kambi imejifunza kutokana nayo kwamba anayeitwa mbele ni aliyepata tu. Siku moja mje mtuulize nani alikosa, na nani alikwenda kumtembelea.

Nyumbani nilimwonyesha Baba ile sehemu kwenye simu. Hajui Kiingereza, na mchezo ule hauelewi. Nikamweleza mlingoti, sekunde nane, umati. Alitazama hadi mwisho, akaomba irudishwe pale kwenye pigo. Kisha akauliza, "Ule mwenye alimushikia mupira, alimushika muzuri?"

Nikamwambia inaonekana alimshikia vizuri, na kwamba baada ya mechi Norwood alibaki akijibu maswali ya waandishi bila kumsingizia mwenzake.

Akafikiri. "Basi kule kuko batu," akasema. Akanirudishia simu.

Baadaye, tukiwa tunachambua maharage, bila mimi kumwuliza, aliniambia zile tarehe. Ya ndugu yake kwanza, halafu ya ziwa. Alizisema kwa mpangilio. Nilimwita, "Papa," naye akasema, "Niko." Sikuwa na zaidi la kusema, tukaendelea na maharage.

Filamu itaonyeshwa tena bandani Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, bila kiingilio. Mwalimu atatafsiri. Yule kijana wa penalti nimemwalika, kwa jina alilopewa na wazazi wake. Bado hajanijibu.