Mfalme Aliyeficha Wapelelezi

Mzazi mmoja wa hapa Sumbawanga alinijia jioni, ameshika kitabu cha picha alichokikuta katika mfuko wa mwanawe. Akasema, "Mwalimu, mtu huyu anakula dawa ya majani, kisha anashinda jeshi zima peke yake. Kwetu mtu wa namna hiyo ana jina lake." Sikucheka. Jina la mji wetu wenyewe maana yake ni kutupa uchawi, na katika nchi yetu wako wazee waliouawa kwa sababu neno hilo lilitamkwa ovyo. Nikamwomba aniachie kitabu nikisome kwanza.

Habari zake ni za T'Challa, mfalme wa Wakanda, aitwaye Black Panther, yaani Chui Mweusi. Stan Lee na Jack Kirby wa Marekani walimbuni mwaka 1966, na filamu ya mwaka 2018 ikamtangaza duniani kote. Wakanda ni nchi ya kubuniwa, walakini baadhi ya ramani za vitabu hivyo zaiweka pande hizi za Afrika ya Mashariki, karibu na Ziwa Turkana. Basi yafaa sisi majirani nasi tutoe maoni yetu.

Kitabu alichonacho kijana ni cha John Ridley, kilichoanza kutoka mwaka 1921 ukiongeza miaka mia, yaani 2021. Picha zake za kwanza zilichorwa na Juann Cabal. Humo shujaa na mpelelezi wamekuwa mtu mmoja. Mfalme ameweka watu wake wa siri katika nchi nyingi, wakae kama wenyeji, wangoje neno lake. Hata marafiki zake mashujaa hakuwaamini. Ndugu zake hawakuambiwa, wala baraza la nchi halikuambiwa. Kisha watu wale waanza kuuawa mmoja mmoja, siri yafichuka, na mfalme apoteza nchi yake.

Nasema bila kusita kwamba shauri hili ni zuri kuliko mengi yaliyomo katika vitabu vya namna hii. Wazee wanaomkumbuka Lance Spearman wa miaka ya 1960, na kofia yake na gari lake la fahari, watakumbuka pia kwamba hakuna aliyemwuliza kazi yake ni ya nani. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, angalau alitumwa na serikali yake, na msomaji aliijua. Wapelelezi wa T'Challa walijulikana na T'Challa peke yake. Ridley aliona kwamba hapo ndipo penye hatari, akaifuata hatari hiyo hadi mwisho wake. Ila ana haraka. Rafiki wa mfalme afa, nasi hatujapewa nafasi ya kumlilia, maana ukurasa unaofuata ni mapigano tena.

Ta-Nehisi Coates, aliyemtangulia mwaka 2016, hakuwa na haraka hiyo. Yeye aliuliza kama mtu mwema aweza kuwa mfalme hata kidogo, naye aliwapa waasi maneno yenye akili. Vijana wengine hulalamika kwamba watu wake wanasema mno. Mimi sioni hivyo.

Sisi wa Ufipa twaijua habari ya kiti kilichopotea. Masimulizi ya Milansi yasema Ntatakwa, mfalme wa kwanza, alitoka mbinguni. Na baadaye wanawake wageni wakaja wakati mwenye kiti hayupo nyumbani, wakakikalia. Masimulizi yale hayana mapigano. Mfalme alirudi, akaona, wakasemezana, akabaki na Milansi yake. Natamani mwandishi mmoja wa picha aithubutu habari hiyo.

Lakini neno moja katika Wakanda lanikera, nalo laonekana kwa waandishi wote. Utajiri wa nchi ile ni madini yaliyoanguka kutoka juu pamoja na kimondo. Yalianguka tu! Katika uwanda wetu chuma kilipatikana kwa malungu, matanuru ya udongo marefu kumzidi mtu, na kila tanuru lilikula makaa mengi sana. Watu walichimba udongo wa chuma, wakakata miti, wakachoma makaa, wakabeba; na kilichotoka kilitiwa tena katika tanuru dogo na kuvukutwa kwa mivukuto ndipo kikafaa jembe. Katika kurasa zote nilizosoma sikuona mtu wa Wakanda mwenye mzigo wa makaa kichwani. Mafundi wako, nao ni hodari, wachukuzi hawapo.

Mzee yule aliporudi nilimwambia kwamba majani yale hayaliwi gizani: ni desturi ya nchi ile, kila mtu aijua, na mfalme huyapata kwa haki ya kiti chake. Lililomwangusha ni lile alilowaficha watu wake. Akanyamaza kitambo, akafungua kurasa mbili tatu, kisha akauliza kama alirudishiwa kiti. Nikamjibu kwamba katika kitabu kilichofuata, cha Eve L. Ewing, kilichoanza mwaka 2023, twamkuta akizunguka katika mji wa Birnin T'Chaka, akijificha katika nchi yake mwenyewe. Akakitia kitabu chini ya kwapa, akasema atakisoma yeye kwanza, halafu atampa kijana.