Tawi, Panda au Mhimili?

Katika rasimu za tafsiri tunazoletewa, mara nyingi twakuta kila kitu kilichogawanyika sehemu tatu kimeitwa "chenye matawi matatu". Njia, mkuki, uma na hata mamlaka ya nchi, vyote vimebebeshwa neno hilo moja. Huo ni uvivu wa kalamu, wala si umaskini wa lugha.

Kiswahili hutazama kwanza namna ya mgawanyiko, ndipo kihesabu. Mahali njia au kijiti kinapoachana ni panda. Mkuki huhesabiwa ncha, uma huhesabiwa meno. Fasihi ina tanzu zake. Utatu nao si mgawanyiko, bali ni hali ya watatu waliounganika, kama Wakristo wasemavyo Utatu Mtakatifu.

Kosa lenye madhara limo katika maneno "matawi matatu ya Serikali". Mfasiri amefuata neno la Kiingereza ambalo huweza kujumuisha Bunge na Mahakama. Kwetu, katika matumizi ya kawaida, Serikali ni upande wa utendaji. Tawi nalo, liwe la chama au la benki, hupokea maagizo kutoka makao makuu. Maneno hayo yakiwekwa pamoja, mwanafunzi wa uraia ataamini kwamba hakimu huamriwa na waziri. Hapo mfasiri atakuwa amebadili mfumo wa nchi pasipo kuidhinishwa na yeyote.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 4, huvitaja "vyombo" vyenye mamlaka ya utendaji, ya utoaji haki na ya kutunga sheria. Wasemaji nao wamezoea "mihimili mitatu ya dola". Neno hili twaliunga mkono, kwa kuwa mhimili hubeba uzito wake wenyewe, wala hauchipui kutoka mhimili mwingine.

Wapo wanaodai kwamba mhimili hauonyeshi asili moja ya mamlaka. Hoja hiyo ina uzito, lakini ibara ya 8 imekwisha kuwataja wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote. Na mihimili husimama juu ya msingi.

Basi twapendekeza: panda kwa umbo, tawi kwa sehemu iliyo chini ya shina lake, na mhimili kwa vyombo vilivyo sawa. Kabla ya kuhesabu tatu, mfasiri na ajiulize ni tatu za nini.