Santuri na Fanani: Tunapomhakiki Mwenda Jean Bosco Tunahakiki Nini?

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa nyimbo za gitaa za Katanga ana tatizo ambalo mhakiki wa riwaya hana. Riwaya imo kitabuni, na wasomaji wake wote huanza na maneno yale yale. Wimbo wa Mwenda Jean Bosco uko wapi? Je, umo katika santuri, katika maneno yaliyonakiliwa na wataalamu, au ulikuwa katika vidole na sauti ya mtu aliyeketi mbele ya wasikilizaji wake? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi tunaihukumu santuri huku tukidhani tunauhukumu wimbo, na kwamba kwa njia hiyo tumemfanya mtunzi mkubwa aonekane kama mpiga gitaa hodari mwenye maneno matupu.

Suala hili linatuhusu kwa karibu. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke aliyeuawa mwaka 1891. Tangu mwaka 2015 Bunkeya, Kolwezi na Musumba zimo katika mkoa mmoja wa Lualaba. Mwenda ni fanani wa kwetu, lakini sisi tulio katika miaka ya thelathini hatukumwona: alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari. Tunamjua kwa sauti iliyohifadhiwa tu. Basi inatupasa tujiulize sauti hiyo imehifadhi nini, na imeacha nini.

2.0 Santuri ya mwaka 1952

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimrekodi Mwenda mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Miongoni mwa nyimbo za safari hiyo ulikuwamo "Masanga". Kampuni ya Gallo ilizitoa rekodi hizo, na jina la kijana huyo likaenea hadi Afrika ya Mashariki, ambako wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kutazama masharti ya kazi ile. Kwanza, upande mmoja wa santuri ya zama hizo ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao faraghani au katika kikao cha jioni ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, ulilazimika kukomea hapo. Pili, aliyeushika mkanda alikuwa mgeni. Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha Katanga, lakini mbele yake palikuwa na chombo cha kunasia sauti, na mtu ambaye hangeweza kutajwa jina, kutaniwa wala kujibu kama jirani anavyojibu. Tukitumia istilahi zetu, fanani alikuwapo, fani ilikuwapo, ila hadhira yake halisi haikuwapo.

Sisemi kwamba rekodi ile ni ya uongo. Ninalosema ni kwamba ni onyesho moja, la siku moja, kwa masharti maalumu. David Rycroft, aliyeuchambua upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizungumzia katika kichwa chenyewe cha uchambuzi wake ubunifu wa papo kwa papo. Ikiwa gitaa lilibuniwa upya kila mara, kwa nini tudhani kwamba maneno yaligandishwa?

3.0 Kinachoonekana

Kuna ushahidi ambao wanafunzi wetu hawautumii vya kutosha. Mwaka 1982 Gerhard Kubik alimrekodi Mwenda nchini Ujerumani, tena kwa picha. Anayesikiliza santuri bila kuona anaweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Anayetazama picha huona mkono mmoja wa kulia: kidole gumba kinashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinapanda na kushuka katika nyuzi nyembamba, na sauti inapita katikati ya viwili hivyo.

Jambo hili si la ufundi wa muziki peke yake. Lina maana kwa fasihi pia. Pale sauti ya mwimbaji inaponyamaza, gitaa haliwi "kiitikio cha ala" cha kujaza nafasi. Gitaa linaendelea kusema, na mwimbaji anarudi pale linapomwachia mlango. Katika maandishi, nafasi hizo huwa mistari mitupu kati ya beti. Kwa hiyo msomaji huona beti fupi zilizotawanyika, wakati mtazamaji anaona mazungumzo ya watu watatu: gumba, shahada na sauti.

4.0 Maneno na wenye maneno

Lawama inayosikika mara kwa mara ni kwamba maneno ya nyimbo za mtindo huu hayashikani: majina ya watu, salamu, wasia mfupi, kisha jambo lingine. Lawama hii inasahau fundisho ambalo M. M. Mulokozi alilieleza vizuri katika Mulika namba 21 ya mwaka 1989: fasihi simulizi ni tukio, nayo hufungamana na fanani, hadhira, mahali na wakati. Jina la mtu ni neno tupu kwa asiyemjua. Kwa aliyeketi kando ya mwenye jina, jina hilo ni kisa kizima.

Yeyote anayejua desturi za Musumba, makao makuu ya Mwant Yav, hatashangazwa na hoja hii. Sifa za mtawala hutamkwa mbele ya mtawala na watu wake, na ngoma zikiwapo. Zichape peke yake, utabaki na orodha ya majina. Hakuna mzee wa huko atakayekubali kwamba orodha hiyo ndiyo sanaa yenyewe.

Aidha, wanakili wetu wana tabia ya kusahihisha. Mwimbaji akisema "batoto", kalamu inaandika "watoto". Mizani haibadiliki, lakini mwimbaji anabadilika: anatolewa katika mitaa ya wafanyakazi wa migodi na kuvikwa joho la shule. Hadhira iliyomsikia akiimba lugha ya nyumbani kwake inafutwa mara ya pili.

5.0 Pingamizi na mapendekezo

Huenda msomaji akapinga kwamba tunaidharau santuri, ilhali bila santuri tusingekuwa na Mwenda hata kidogo. Pingamizi hili lina uzito. Rekodi ilimpa jina na kutupa sisi urithi. Na si kila onyesho la ana kwa ana ni bora kuliko rekodi. Lakini shukrani haitulazimishi kuchukua kivuli tukakiita mtu. John Low, Mwingereza aliyekwisha kuzipenda nyimbo hizi kwa kuzisikiliza, hakuridhika na santuri. Mwaka 1979 alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akajifunze kwa wapigaji wenyewe, na daftari lake la safari likachapishwa mwaka 1982. Mgeni alikuja kuketi karibu na fanani wetu. Sisi wenyeji tulifanya nini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila wimbo tunaouchapa uandikiwe ulirekodiwa wapi, lini, na mbele ya nani. Pili, unukuzi uonyeshe zamu za gitaa na uache lugha ya mwimbaji kama ilivyo. Tatu, na hili ndilo la haraka, wanafunzi wetu wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wawahoji wazee waliomwona Mwenda na wenzake, akina Edouard Masengo na Losta Abelo, wakipiga mbele ya watu. Wawaulize watu walicheka wapi, walijibu nini, nani alitajwa. Aliyekuwa na miaka ishirini Mwenda alipofariki sasa amepita hamsini. Waliomwona katika ujana wake ni wachache mno. Santuri zitatungoja maktabani. Wazee hawa hawatatungoja.