Nguzo za Futi Mbili

Waliolitazama tanuri lile la matofali likijengwa uani mjini Minneapolis hawana haja ya kukumbushwa saa ile ambapo fundi, akiwa amefika kina cha futi 2 katika mashimo manne ya nguzo, aliweka sepetu kando na kuamuru zege limwagwe. Nami nasema mapema, ili msomaji asiningoje hadi tamati, kwamba tanuri liliharibika wakati huo huo, kabla tofali la kwanza halijalazwa. Kuba liliinuliwa kwa ustadi, na urefu wa mlango ukakaribia asilimia 63 ya urefu wa kuba kama desturi itakavyo, hayo yatosha.

Turudi shimoni. Kanuni za ujenzi za Minnesota zataka msingi ushuke inchi 42 upande wa kusini na inchi 60 upande wa kaskazini, kwa kuwa jalidi hupenya ardhini kwa kadiri hiyo. Nguzo iliyoishia inchi 24 haikulifikia tabaka salama, wala haikubaki juu juu ikapanda na kushuka pamoja na ardhi yote: imesimama katikati ya hatari. Udongo ule wa mfinyanzi, ulioshiba maji ya vuli, hujamidi na kuzishika nguzo ubavuni, kisha ukavimba na kuzivuta juu. Tena, nguzo mbili zilikuwa karibu na ukuta wa nyumba, ambako joto la ndani huponyoka na kuipunguzia ardhi baridi, na mbili zilikuwa wazi kwenye upepo. Basi upande mmoja hutulia na mwingine hupanda. Kuba la matofali lina nguvu ya ajabu katika kustahimili mgandamizo, lakini likivutwa halina hila, na ule ufa uliopita kutoka mlangoni hadi kileleni ndio ushahidi.

Wapo watakaojibu kwamba tanuri la tani kadhaa laweza kuikandamiza ardhi isiinuke. Hoja hii haifi, ijapokuwa mwanajiolojia Stephen Taber aliizika tangu 1929 na 1930, alipobainisha kuwa ardhi haiinuliwi tu na yale maji yaliyomo, ambayo yakiganda huongezeka kwa takriban asilimia 9, bali na maji mengine yanayofyonzwa kutoka chini na kuganda tabaka baada ya tabaka. Hata alipotumia benzeni, ambayo hunywea inapoganda, udongo uliinuka vile vile.

Fundi alikuwa na njia tatu za halali. Angeshuka inchi 42 na kuacha nafasi tupu kati ya ardhi na jamvi la zege linalolibeba tanuri. Au angemwaga jamvi moja lenye nondo juu ya kitanda kinene cha kokoto chenye mfereji wa kutolea maji, likaelea zima. Au angezika mbao za povu pembezoni ili kuizuilia ardhi baridi, kama wafanyavyo Wanorwe na Waswidi. Nusu ya njia si njia.

Nimekwisha kulalamika katika safu hii, na sitachoka, kwamba mafundi wa zama hizi wanalihusudu zege na kuzidharau kokoto. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright hakuzidharau: huko Wisconsin alisimamisha kuta juu ya mitaro iliyojazwa mawe yasiyo na chokaa, ili maji yapite na jalidi ikose cha kugandisha. Na wakulima wa Quebec, wasio na shahada wala saruji, walifinyanga matanuri yao ya udongo juu ya vitako vya mawe au magogo, yakayumba kidogo pamoja na ardhi na kuzibwa nyufa kwa udongo ule ule.

Kupaka saruji juu ya ufa, kama fundi wetu alivyofanya majira ya kuchipua, kutadumu hadi baridi ijayo. Jamvi lile, lililofungamanishwa na nguzo kwa nondo, haliwezi kunusurika bila ya nguzo zenyewe kung'olewa. Na nguzo haziwezi kung'olewa na kuba likasalia.